Mstari Usiovukwa na Maji

Watu wengi wa kwetu wanadhani mpaka ni kitu cha kuonekana. Ukimwuliza mtu wa Njombe shamba lake linaishia wapi, atakuonyesha mti, au jiwe, au kaburi la babu yake, kisha atakutazama kana kwamba wewe ndiye mjinga. Miti hukatwa. Mawe husukumwa. Hata makaburi, nimeona kwa macho yangu, husogea kidogo kidogo kila msimu wa kulima. Mimi nazungumza juu ya mpaka mwingine, ambao hakuna mtu aliyeuweka na hakuna awezaye kuung'oa, nami nilikuwa wa kwanza katika nchi yetu kuufuata kwa miguu yangu toka mwanzo hadi mwisho. Nasema wa kwanza kwa sababu waliojaribu kabla yangu walipotea, na nitaeleza walivyopotea.

Mjue kwanza anayewasimulia. Nilizaliwa kando ya njia ya kwenda Lupembe, katika nyumba ya nyasi iliyovuja upande niliolaza kichwa. Hakuna mjomba aliyenisomesha, hakuna mmisionari aliyenishika mkono. Nilikwenda Makambako kwa miguu, viazi vya kuchemsha vikiwa ndani ya shati, na pale njia panda, ambapo siku hizo palikuwa na maduka matatu na vumbi, nikapanda lori la kwenda Iringa juu ya magunia ya unga. Baada ya miaka tisa nilishuka pale pale njia panda nikiwa na sanduku la bati, suruali iliyopigwa pasi, pimamaji ya mkononi niliyoinunua kwa jasho langu, na diploma ya upimaji wa ardhi kutoka Uganda. Diploma hiyo niliitia kwenye fremu ya kioo kabla hata sijatafuta kitanda. Waliokuja kunisalimu waliitazama kwa mbali, kama watu wanaotazama nyoka aliyekufa, na mmoja akauliza kama inaliwa.

Wazazi wangu walikuwa wamekwisha fariki. Aliyenipokea ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane mwenye mgongo uliopinda kwa jembe na ulimi usiopinda kwa lolote. Mali yake yote ilikuwa kinyungu kimoja. Msomaji wa pwani hatajua kinyungu ni nini. Kwetu mvua zikiisha watu huteremka mabondeni, hufyeka matete, huchimba mifereji midogo na kuinua matuta ya udongo mweusi, wakapanda maharage, mahindi na njegere wakati wa baridi. Ndiyo sababu mwezi wa Septemba, nyumba nyingine zinapokomba vumbi la vihenge, mwenye kinyungu ana kitu kibichi cha kuchemsha. Cha shangazi kilikuwa kwenye kichwa kabisa cha bonde, mahali chemchemi inapotoka, chini ya mgongo mrefu wa nyasi ulioko kati ya Njombe na Makambako. Mumewe alikuwa amekifungua kwa mikono yake. Shamba la juu hakuwa nalo tena. Mashemeji walilichukua siku ya matanga, na wote walikuwa Wakristo safi wa kukaa benchi la mbele.

Mwaka huohuo niliorudi serikali ilikubali kuipa kampuni moja ya wageni sehemu ya nchi kwa kupanda miwati, miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi. Barazani walikaa siku tatu, wakazaa sentensi moja ambayo kila mtu aliisifu. Nchi ambayo maji yake yanateremka Usangu itakuwa ya kampuni, na nchi ambayo maji yake yanateremka Ruhuji itabaki ya wananchi. Sentensi nzuri. Ila hakuna hata mmoja kati ya waliopiga makofi aliyejua maji yanaachana wapi. Mgongo wenyewe ni mpana na mviringo kama tumbo la ng'ombe, nyasi zinafika kiunoni, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na mtu aweza kutembea nusu saa bila kujua kama anapanda au anashuka. Tena hakuna aliyekumbuka kwamba maji hayo yote mawili, yakisha kuzunguka nchi nzima, hukutana katika Rufiji. Walikuwa wanagawa kitu ambacho huko mbele kinarudi kuwa kimoja.

Shangazi alinieleza habari hiyo huku akipepeta maharage.

"Wanasema mpaka utapita karibu na kwangu," alisema. "Ukipita juu ya chemchemi, mimi ni mtu. Ukipita chini yake, mwanangu, Septemba nitakula karatasi yako ile ya kwenye kioo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maana yuko mtu mwenye diploma. Akaendelea kupepeta.

Sasa niseme jambo ambalo nililipata Uganda na ambalo wenzangu darasani walilikosa kwa sababu walisinzia. Halikuwa la mtihani. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu mpole mwenye chaki kwenye mikono ya koti, alileta udongo wa mfinyanzi, akafinyanga vilima viwili na mahali palipobonyea katikati, kama tandiko la punda. Akatuambia tumwagie maji. Yalikwenda kulia na kushoto, kama kila mtu alivyotazamia.

"Liko tone ambalo haliendi kulia wala kushoto," akasema. "Ni lile linaloangukia kwenye mgongo wenyewe. Litashuka juu ya mgongo, polepole zaidi na zaidi, mpaka kwenye tandiko, na hapo litasimama. Mbele yake kunapanda, na upande wa kuchagua halina. Pangeni matone yote ya namna hiyo, mtapata mstari. Tone lililozaliwa juu ya mstari huo halitoki. Lililozaliwa nje yake haliingii wala haliuvuki."

Mimi, ambaye peke yangu nilikuwa macho, nikauliza kama mstari huo umenyooka.

"Ukisimama kwenye tandiko ukatazama hatua chache, utaapa umenyooka kama rula," akajibu. "Na rula itaugusa vizuri sana hapo kwenye tandiko. Ukienda mbali, unajipinda jinsi kilima kinavyotaka, na rula haina habari."

Nikauliza unatafutwaje. Akafurahi mpaka akadondosha chaki. Akasema ukianzia juu ukashuka, kosa la upana wa unyayo litageuka kuwa kosa la bonde zima, kwa kuwa kila kinachoshuka kinaukimbia mstari. Anzia chini, kwenye tandiko, upande kilima, kila hatua ukifuata mahali panapopanda zaidi kuliko pengine. Hapo kosa lako litapungua lenyewe, kwa kuwa kila kinachopanda kinaurudia mstari. Kengele ikalia, wenzangu wakaamka wakaenda kula. Mimi nilibaki na ule udongo.

Nimeyasema haya kwa urefu ili muone kwamba nilikuwa na silaha ambayo wengine hawakuwa nayo, si kwa bahati bali kwa kukaa macho.

Siku ya kuonyesha mpaka ilipofika, wazee walitangulia. Kwetu mpaka hutembelewa kwa kushuka. Wazee hupanda kilimani kwa njia ya kando, humwaga ulanzi, pombe yetu ya mianzi, juu ya mawe, huwataja marehemu, kisha hushuka mmoja nyuma ya mwingine mpaka bondeni. Kupanda mpaka ni aibu. Anayepanda, wanasema, anafanana na mtu anayekwenda kuomba nchi ya mwenzake. Mwenye nchi hushuka. Ndivyo walivyofanya baba zao, na baba za baba zao, na wote hao, sasa ninajua, walifika mahali pasipo.

Jumbe alishuka na wenzake wawili. Walianza juu ya mawe wakiwa pamoja, wakaingia kwenye ukungu, kila mmoja akisema miguu yake inajua. Sisi tulikuwa tukiwasubiri chini, kwenye tandiko la mgongo wenyewe, pale unapobonyea. Jumbe alitokea upande wa Usangu, mbali, akiwa amelowa mpaka mapajani katika bonde ambalo halikuwa na habari naye. Wa pili alitokea mbele yake kidogo. Wa tatu tulimsikia akiita kutoka upande wa Ruhuji, akiuliza sisi tuko wapi.

"Huku ndiko," jumbe akasema bila haya, akipiga fimbo kwenye tope. "Mpaka ni hapa niliposimama."

Kumbe pale aliposimama palikuwa Usangu kabisa, na kama mpaka ungekuwa pale, kampuni ingepata mawe mawili na kichaka. Bwana mpima, Mzungu kijana mwenye pua iliyobanduka kwa jua, alitazama saa yake. Aliona wazee wanataka kumwibia, naye hakuwa na akili ya kutosha kujua kwamba walikuwa wamepotea tu.

"Sasa mimi nafanya," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Hapa, moja. Kule juu mawe, mbili. Mstari moja. Kwisha."

Akasimamisha nguzo yenye bendera kwenye tandiko, akatuma nyingine ikasimamishwe juu ya mawe, na ukungu ulipofunguka akaweka jicho kwenye darubini, mambo, yaani vigingi vya mti, zikapigwa kati ya bendera na bendera. Mstari ulionyooka kabisa juu ya kilima kisichonyooka popote. Alikuwa amesoma kuliko jumbe na kukosea kuliko jumbe, maana jumbe angalau alilowa. Mambo zikashuka zikapita chini ya chemchemi. Kinyungu cha shangazi, matuta yake, matete yake, vyote vikawa upande wa kampuni.

Shangazi alikuwa amekuja na debe la maji kichwani, kwa sababu nilimwomba. Alisimama kando ya mambo moja, akiitazama na debe bado kichwani. Mtu asiyemjua angedhani hajaelewa.

Karani wa baraza alikuwa akiandika. Huyu alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, akakaa juu ya darasa hilo kama kuku juu ya mayai. Aliandika "mpaka umekubaliwa" kabla mtu hajakubali.

"Usiandike," nikamwambia.

"Aa, Bwana Diploma!" akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Umekuja kutupimia na sisi? Tunasikia huko Uganda mnapima hata upepo."

"Upepo hapana. Ila kichwa cha karani tulikipima, kilijaa kijiko kimoja."

Wazee walicheka, na jumbe akacheka zaidi kwa kuwa alitaka tusahau alikotokea. Nikamgeukia bwana mpima. Nikamwambia kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa safi kuliko Kiswahili chake mara kumi, kwamba mapatano hayasemi mstari ulionyooka, yanasema maji. Nikamwambia mstari wake ni wa kweli kwenye tandiko kwa hatua hamsini, na baada ya hapo ni mapambo. Akawa mwekundu zaidi ya pua yake. Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akauliza kama ninaweza kumwonyesha mstari mwingine. Nikamwambia, naweza, tena kabla ya chakula cha mchana, na kwa kupanda.

Neno kupanda liliwaudhi wazee. "Mwenye nchi hapandi," jumbe akasema. "Unataka tuonekane waombaji mbele ya Mzungu?"

"Baba, mmeshuka watatu mkatokea mahali patatu," nikamjibu. "Mwombaji mmoja anayefika ni bora kuliko wenye nchi watatu wanaoitana kwenye ukungu."

Hakunisamehe neno hilo mpaka alipokufa.

Nikafanya jambo moja ambalo ningependa mwalimu wangu angeliona. Pale kwenye tandiko nilisogea hatua kumi upande wa Usangu. Nikamwambia shangazi asogee hatua kumi upande wa Ruhuji, na debe lake kichwani.

"Panda, shangazi. Kila hatua, nenda mahali panapokuchosha zaidi."

"Hapo ndipo ninapokwenda siku zote," akasema.

Mimi nilikuwa na pimamaji yangu. Yeye alikuwa na miguu yake, na miguu ya mtu abebaye maji huhisi mwinuko wa upana wa kidole. Karani alitufuata akicheka, akiuliza kama tunakwenda kufungishwa ndoa kila mmoja na kanisa lake. Tulikuwa mbali kwa hatua ishirini. Baada ya mwendo mfupi tukawa mbali kwa hatua kumi, kisha tano. Kabla hatujafika mahali bonde la chemchemi linapoanza, bega lake liligonga bega langu, maji yakamwagika kidogo, naye akasema, "Kamwene," kama watu wanaokutana njiani. Karani akaacha kucheka. Bwana mpima akatoa kiko mdomoni.

Pale tulipokutana nikamwomba shangazi achote maji kwa kikombe changu cha bati, amwage upande wa kulia. Yakakimbilia Ruhuji. Kikombe upande wa kushoto. Yakakimbilia Usangu. Nikapiga mambo. Nikaendelea hivyo, kupanda na kumwaga, na mstari ukaanza kujipinda kama nilivyojua utajipinda. Kichwa cha bonde la shangazi kiliuma mgongo kutoka mashariki, na mgongo ukakikwepa kwa kuingia ndani upande wa magharibi, ukazunguka juu ya chemchemi kwa mbali. Mambo za Mzungu zilikuwa chini yetu, zimenyooka, zimekosea. Kinyungu kizima kilikuwa ndani ya nchi ya Ruhuji. Nilitazama nyuma kumwona shangazi. Alikuwa ametua debe, amepiga magoti, anasukuma maji kwa kiganja upande wa Usangu kuona kama yatakubali kurudi. Hayakukubali.

Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa na nyumba mahali pengine.

Niliporudi kutoka Uganda jumbe alinipa mahali pa kujenga, kwenye bega la kilima kile kile, juu zaidi. Palikuwa pakavu na tambarare, ukisimama hapo unaona barabara ya Makambako mpaka mwisho wa macho, na kila lori linalopita lingeniona mimi. Nilikuwa nimekwisha choma tanuri moja la matofali na kuchimba msingi wa vyumba vinne. Nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma ya mtu mweusi katika mgongo ule. Kwa mstari wa jumbe mahali hapo palikuwa petu. Kwa mstari wa bwana mpima palikuwa petu vilevile. Watu wote walisema maji ya pale yanakwenda Ruhuji. Nami, mwenye diploma, mwenye pimamaji mfukoni, niliyewacheka wote, nilichimba msingi pale bila kumwaga hata kikombe kimoja. Ujinga huo sikuambukizwa na mtu. Ulikuwa wangu mwenyewe.

Tulipovuka juu ya bonde la chemchemi mgongo uligeuka. Ulikuwa umeingia magharibi. Sasa ulianza kurudi mashariki, ukagusa mstari wa Mzungu, ukaupita, ukazidi kwenda. Nilitazama pimamaji mara mbili, nikaifuta kwa leso, nikatazama mara ya tatu. Miguu ya shangazi ilikuwa imekwisha kwenda huko huko mashariki kabla ya pimamaji. Alisimama, nami nikasimama. Msingi wangu ulikuwa hatua arobaini kushoto kwetu, upande wa Usangu, na udongo wake mwekundu uling'aa kama kidonda.

Karani alikuwa amebaki nyuma akihema. Bwana mpima alikuwa nyuma zaidi, anahangaika na nyasi. Hapo palikuwa na watu wawili tu, na mambo moja mkononi mwangu.

Shangazi alitazama msingi, akatazama mambo.

"Mwanangu," akasema taratibu, "ipige kule ng'ambo ya nyumba yako. Hatua arobaini tu. Ni nani atajua?"

Nikachukua kikombe, nikamwaga mwenyewe. Maji yalisita katika nyasi, kama yanayonihurumia, kisha yakashuka moja kwa moja mpaka kwenye msingi wangu, yakaingia kwenye mtaro wa chumba cha kulala.

"Hata haya ya kikombe yanajua," nikasema.

"Maji hayaendi barazani. Upinde kidogo tu mstari wako."

"Haupindiki, shangazi. Ulipojipinda kwako hukulalamika."

Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani nilipokataa kula makande. Ningeweza kupiga mambo ile popote. Mzungu yule asingejua, karani asingejua, na wazee wangenisifu. Lakini kama mambo moja ni ya uongo, ni ipi ya kweli? Mtu yeyote mwenye kikombe angeweza kuja siku yoyote, akamwaga maji kwenye msingi wangu, akasema mpimaji huyu alipinda mpaka kwa ajili ya nyumba yake. Na akishasema hivyo, atateremka mpaka kwenye chemchemi na kusema vivyo hivyo. Mstari wenye tundu si mstari. Haya niliyajua. Tena, na hili nalisema waziwazi, sikusoma miaka tisa ili nije kufanya kazi ya karani.

Nikapiga mambo mahali pake, hatua arobaini mashariki ya nyumba yangu.

Karani alipofika alihitaji muda mrefu kuelewa. Alipoelewa, alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka machozi yakatoka.

"Jamani, njooni muone! Diploma imemhamisha mwenyewe! Mtu amekwenda mpaka Uganda kujifunza kujinyang'anya kiwanja!"

"Andika," nikamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yako."

Tulifika kwenye mawe ya juu kabla ya saa saba. Ulanzi wa wazee ulikuwa bado umelowesha mawe. Kesho yake bwana mpima alirudi na darubini yake na watu wa kubeba maji, akapanda kutoka kwenye tandiko kama nilivyomfundisha, akazikuta mambo zangu moja baada ya nyingine. Hakuhamisha hata moja. Aliuchora mstari wangu kwenye ramani, mapindo yake yote, na kwenye pembe ya ramani akaandika jina lake. Sikushangaa. Mtu anayeamini kilima kimenyooka anaweza kuamini lolote juu yake mwenyewe.

Kampuni iliniruhusu kuchukua matofali yangu. Yalibebwa kwa lori mpaka Makambako, nikajenga pale njia panda, si mbali na mahali nilipopandia magunia ya unga. Nyumba ya vyumba vinne. Karani, kila aliposubiri lori pale, alilazimika kukaa kwenye kivuli cha ukuta wangu, nami nilimletea maji ya kunywa kwenye kikombe kile kile cha bati. Mara ya kwanza alikitazama, akanitazama, akanywa yote. Juu ya msingi wangu wa zamani walipanda miwati. Wazee wa mgongo ule hawakunishukuru. Mpaka leo wanatembelea mipaka yao kwa kushuka, na mpaka leo wanaitana kwenye ukungu.

Septemba ya mwaka ule nilikwenda kumwona shangazi. Nilimkuta bondeni, ameinama juu ya tuta, anachuma njegere na kuzitia kwenye kanga. Mahindi yalikuwa mabichi mpaka ukingoni. Juu yetu, mbali, niliona mambo zangu, mstari mzima ukizunguka kichwa cha bonde kama mkono uliomkumbatia mtu, ingawa haukumkumbatia mtu yeyote, ulikuwa unakwenda zake.

Alinipa njegere mbichi nikala nimesimama.

"Kanisani wanasema ulitoa nyumba yako kwa ajili yangu," akasema bila kuinua kichwa.

"Wajinga hao. Sikutoa kitu kwa ajili ya mtu. Mstari ulipita pale."

"Nimewaambia ni kweli."

"Umewaambia uongo, shangazi. Maji yangekwenda kwa mashemeji zako, ningepiga mambo kwa mashemeji zako."

Akanyooka, mkono kiunoni, akanitazama, ganda la njegere likiwa limeng'ang'ania kidole chake.

"Sawa," akasema. "Wewe baki na mstari wako. Mimi nitasema ninavyotaka kwenye bonde langu. Sasa shika kanga hii, mikono yako haina kazi."

Nikaishika.